Kale Kadogo ka Nyuma

Mpendwa mjomba,

Nakuandikia kutoka Kasongo, kwenye meza hii ninayosahihishia mitihani ya wanafunzi wangu wa uuguzi. Najua hukusoma zaidi ya Kurani na alama ulizochora kwenye madumu yako ya mawese, na najua pia kwamba huko uliko posta haifiki. Lakini barua hii si ya macho yako peke yako. Neno nililokusemea lilisemwa hadharani, likapanda pikipiki pamoja na madumu ya mafuta, likafika Kabambare, likafika hapa Kasongo, hata wavuvi wa Nyangwe walilisikia. Basi kila aliyelisikia na asome na hili. Mimi, mpwa wako, nilisema mbele ya watu kwamba ulikuwa mlevi. Hukuwa mlevi. Hukuwahi kuonja.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana wewe hukupenda mtu anayeanza hadithi mkiani.

Dada yako, mama yangu, alipofariki, ulikuja kunichukua kwa miguu, ukanileta nyumbani kwako nje ya Wamaza. Nilipewa jina la mama yenu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza uliniita mama. "Mama, leta maji." "Mama, acha kulia, mbuzi wanakucheka." Kazi yako ilikuwa kukata chikichi. Kila asubuhi ulizungusha kamba yako ya kupandia kwenye shina la mchikichi, ukaipitisha mgongoni, ukaegemea nyuma kana kwamba uko kitini, kisha ukapanda. Mimi nilifumba macho mpaka nisikie mkungu unaanguka. Ulinicheka kwa hilo miaka yote. Ulisema mtoto anayefumba macho mjomba akipanda, akikua ataolewa na mtu mfupi. Mume wangu, kama unavyojua, hafiki begani kwangu.

Mafuta yako ndiyo yaliyonipeleka shule ya uuguzi huku Kasongo. Likizo ya mwaka wa pili nilirudi na daftari la anatomia kwapani na kiburi kichwani. Somo la ubongo nilikuwa nimelikariri kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, na katika mtihani nilikuwa nimewashinda wote. Ilikuwa Idi. Kwetu kichwa cha mbuzi hakipewi watoto, ni cha mwenye nyumba. Kilipoiva ulikipasua kwa panga lako, polepole, usije ukavuruga kilichomo. Ukanisogezea sahani.

"Mama munganga, masomo yako yote iko humu. Nionyeshe."

Nikaanza. Nilitiririka kwa Kifaransa mpaka mate yakakauka. Ulinisubiri nimalize, ukanitikisia kichwa kwa heshima.

"Hiyo ni ya mwalimu wako. Sasa sema kwa mutu ya hapa. Hii kubwa iko inafanya kazi gani?"

Mjomba, hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilibaki na kidole hewani. Majina yote nilikuwa nayo, lakini nilipotafuta kazi zake kwa lugha tuliyokuwa tukiongea pale mkekani, nililazimika kufikiri kwa mara ya kwanza. Nikakuonyesha kwanza ule ubongo mkubwa uliokunjamana, vipande viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu. Nikasema cha kulia kinauendesha mkono wa kushoto, na cha kushoto kinauendesha wa kulia. Ulicheka mpaka Mama Zaina, mke wako, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Ni kama wake wawili ya bwana mumoja," ukamwambia, "kila mutu anafagia kiwanja ya mwenzake!"

Nikakuonyesha sehemu ya mbele, ile ya nyuma ya paji la uso, ambayo mtu anapangia mambo yake, anapima kabla ya kusema, anajizuia. Ukasema ya Mama Zaina ni kubwa, yako Mungu aliisahau. Nikagusa juu kidogo, mahali panapopokea habari za ngozi, moto na baridi, laini na miiba. Nikagusa ubavuni, karibu na sikio, panaposikilizwa na kueleweka maneno, na ndani zaidi mahali ambapo kumbukumbu mpya hushikwa zisipotee. Sehemu ya nyuma kabisa uliikataa. Nilisema ndiyo inayoona.

"Macho iko mbele, na kuona iko kisogoni? Mama, hapo walikudanganya."

Niliapa. Ulikubali nusu. Chini, katikati, nikakuonyesha kipande kidogo kinachosimamia njaa, kiu na joto la mwili, ukakitazama kwa hasira ukasema kumbe huyu ndiye anayekusumbua mwezi wa Ramadhani. Chini yake tena lilikuwepo shina lenyewe la ubongo, linaloshuka kuingia uti wa mgongo. Nikasema hilo linasimamia pumzi na mapigo ya moyo, na kumeza, hata ukiwa umelala. Hapo hukutania.

Kisha ukainamia sahani. "Na kale kadogo ka nyuma?"

Kalikuwa pale chini ya ule mkubwa, kenye mistari myembamba iliyobanana. Nikasema kanaitwa ubongo mdogo. Mkubwa anaamuru mkono uende, mdogo anaupima ufike pale pale, usipite wala usipungue. Kanaangalia usawa wa mwili, hatua za miguu, hata ulimi unapotamka.

"Na kakiharibika?"

"Mutu anayumba, mjomba. Anakosa kikombe. Anasema maneno vipande vipande."

Uliitazama michikichi yako nje. "Basi ni kale ndiko kananipandisha na kananishusha. Ile kubwa inajisifu bure." Ukakachota, ukakatia chumvi na pilipili, ukakala peke yako. Ulisema unaongezea juu ya kako. Hakuna Idi niliyocheka kama ile.

Miaka ikapita. Nilipata diploma, nikapata kazi, nikaolewa na mfupi wangu, nikawa naja Wamaza mara moja kwa mwaka au nisije kabisa, kwa kuwa barabara unaijua. Kiangazi kile nilipokuja, ulinimiminia chai mwenyewe. Ukaimimina kandokando ya kikombe, mkekani. Mama Zaina akasema mikono imechoka. Niliona pia kwamba ulitembea umetanua miguu, na sauti yako ilikuwa imekatika vipande. Asubuhi ulitapika, na ulifunga kitambaa kisogoni kwa sababu ya maumivu, ukisema ni malaria tu. Mjomba, yote hayo yalikuwa katika daftari langu, ukurasa mmoja, kwa mpangilio uleule. Niliyaona yote kwa macho yangu nikanywa chai yangu.

Siku ya nne ulipanda mchikichi wa karibu na kisima, mguu ukakosa shina, ukaning'inia katikati kwa kamba mpaka wenzako wakaja kukushusha. Jioni ileile wapandaji waliitana kwenye uwanja wa kukamulia mawese. Sheria yao uliijua kuliko wote, na siilaumu: mnywaji hapandi. Akianguka, anaacha watoto. Kwa hiyo mtu akithibitika anakunywa, kamba yake inakatwa vipande viwili kwa panga lake mwenyewe, anarudishiwa vipande aende navyo nyumbani. Mzee Ramazani, mkubwa wenu wa kamba, hakutaka kukuhukumu kwa maneno ya njiani. Alinitafuta mimi kwa macho.

"Tuko na munganga hapa. Anuse yeye. Mutoto ya nyumba hawezi kumusingizia mujomba wake."

Nilisimama, nikakusogelea. Nikanusa shati lako, nikanusa karibu na mdomo wako. Kulikuwa na harufu kali, ya kuchachuka.

"Iko nini?" Mzee Ramazani akauliza.

"Lutuku," nikasema.

Neno moja tu, jina la pombe kali ya kwetu. Wewe hukukasirika. Ulinitazama, ukasema kwa ule ulimi wako mzito, polepole, "Mama, sijaonja kitu. Unakumbuka kale kadogo ka nyuma? Labda ndiko kameharibika."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni maneno ya chupa. Na mimi, ambaye peke yangu katika uwanja ule nilijua unasema nini, niliona haya. Niliona haya kwa ajili yangu, munganga wa Kasongo mwenye mjomba mlevi. Nikakujibu, "Mjomba, usinichezee mbele ya watu."

Kamba ikakatwa. Ukapokea vipande viwili, ukaondoka ukishikashika ua wa watu, na hakuna aliyekupa bega. Kesho yake nilipanda pikipiki nikarudi kazini.

Uliishi mpaka katikati ya masika. Mama Zaina alinieleza kwa simu, kila mara mtandao ulipopatikana, jinsi ulivyoanza kupaliwa na maji, kisha na uji, na jinsi pumzi zilivyokuja mbalimbali. Alfajiri moja, baada ya swala, haikuja nyingine. Shina lile. Nilikuonyesha kwa kidole changu mwenyewe kwenye sahani. Kijijini walisema lutuku imemmaliza. Kwenu mpandaji akifa, kamba yake hufungwa kwenye mchikichi aliozoea kuanzia kazi, ikaachwa pale mpaka ioze yenyewe. Wewe hukufungiwa kitu.

Mwaka jana alikuja kituoni kwetu mama mmoja mkulima, Mkristo, mtulivu. Mumewe alimshika kiwiko huku amefunika uso kwa kofia. Akaninong'oneza kwamba mkewe ameanza kunywa kwa siri, eti nimwonye. Daktari hakunusa chochote. Alimwambia yule mama aguse pua yake, kisha aguse kidole cha daktari, kisha pua tena. Kidole chake kikapita pembeni ya pua kikaenda shavuni. Nikakiona kikombe chako, mjomba, na chai ikimwagika mkekani. Niliwaacha pale nikaingia stoo ya dawa nikalia mpaka mwenzangu akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia mjomba wangu. Alishangaa, maana alikuwa amekuja kwenye matanga yako niliyoyaweka hapa Kasongo, muda mrefu uliopita.

Lakini nafsi ni wakili mzuri. Kwa wiki tatu nilijitetea: ile harufu je? Nilinusa kweli. Sikuitunga. Mpaka siku moja nilipita ng'ambo ya mji, wanakokamulia mafuta, nikakuta mikungu imerundikwa na kufunikwa majani ya migomba ili chikichi zilegee. Mwanamke mmoja akafunua rundo la siku ya tano. Ile pumzi ya moto iliyotoka mle ndani, mjomba, ndiyo niliyoinusa kwenye shati lako. Nilikua ndani yake. Ninyi wapandaji wote mnaivaa kila siku, kwa hiyo hakuna hata mmoja wenu anayeinusa. Ilihitajika pua iliyokaa mbali miaka saba ndipo iisikie, na pua hiyo ilikuwa imeambiwa itafute pombe. Ikaipata.

Siku hizi nikifundisha nawaambia wanafunzi kwamba harufu ina njia yake ya mkato ndani ya kichwa. Hisi nyingine zinapita kwanza mlango wa katikati wa ubongo, harufu inaingia moja kwa moja karibu na mahali pa hofu na kumbukumbu. Ndiyo maana inatushawishi upesi kabla ile sehemu ya nyuma ya paji haijapima. Ni kweli kisayansi. Ila nisijifiche nyuma yake. Nilikuwa na muda wa kupima. Nilikuwa na usiku mzima, na safari nzima ya pikipiki, na miezi yote uliyolala mkekani. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema walikuwa wanakusemea wewe.

Siwezi kuapa kilikuwa nini hasa, uvimbe au mshipa. Mashine ya kupiga picha ya kichwa iko mbali na sisi, na hata kama ungefikishwa pengine usingepona. Nimelifikiria hilo sana na halinifariji. Ungekufa, lakini ungekufa na kamba yako.

Mwezi uliopita nilikwenda Wamaza. Siku mbili, mvua, pikipiki tukaisukuma zaidi ya ilivyotubeba. Nilimwomba Mzee Ramazani awaite wapandaji pale pale uwanjani. Amezeeka, lakini bado alibeba kamba begani.

"Wewe ndiye ulinusa," akasema.

"Ni mimi, mzee. Nimekuja kurudisha neno langu."

Nikamwomba shati lake. Alikuwa ametoka kufunua mikungu tangu asubuhi. Siku hiyo alikuwepo mchuuzi wa vitenge kutoka Kabambare, mgeni asiyejua kesi yetu. Nikampelekea lile shati. "Baba, nusa hii, utuambie iko nini."

Akanusa, akakunja uso. "Lutuku," akasema. "Tena mutu alikunywa mingi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, kwa kuwa Mzee Ramazani ndiye anayeadhini msikitini na hata soda anaiogopa. Kisha kicheko kikafa, kidogokidogo, mmoja mmoja. Hawakuhitaji kuelezwa. Lakini niliwaeleza hata hivyo habari za ubongo mdogo, kwa maneno ya mutu ya hapa, kama ulivyonifundisha: chai iliyokosa kikombe, miguu iliyotanuka, kitambaa cha kisogoni. Nikawaambia kwamba uliutambua ugonjwa wako mwenyewe, na ukauita kwa jina, mbele yao na mbele yangu. Nikapiga magoti nikawaomba radhi, na Mama Zaina zaidi ya wote. Aliniinua kwa mkono mmoja. Mpaka leo hajasema kama amenisamehe, na sitamharakisha.

Mzee Ramazani akamuuliza kama vipande vya kamba bado vipo. Vilikuwepo. Kimoja kilikuwa kinafunga mlango wa jiko, kingine kinafunga kuni. Akavileta. Wazee wawili wakakaa chini kuvisuka pamoja, lakini ncha zilikuwa zimelika, ikabidi wazipunguze, na kamba ilipokamilika haikufika kuuzunguka mchikichi wako. Wewe nawe ulichagua mnene. Wakajaribu mara mbili. Ndipo Mzee Ramazani akateremsha yake begani, akaomba panga, akaikata.

"Muzee, sasa utapanda na nini?" mmoja akauliza.

"Sitapanda," akasema. "Mimi ndiye nilikata ile ya kwanza."

Wakaongezea kipande chake kwenye cha kwako. Kamba imefungwa, mjomba, iko kwenye mchikichi wako, na nimewaambia wasiiguse mpaka ioze yenyewe.

Darasani kwangu sasa, wiki ya somo la ubongo, ninanunua kichwa cha mbuzi sokoni. Wanafunzi wanakariri kwa Kifaransa kwanza, kwa sababu mtihani ni mtihani. Halafu nawauliza hii iko inafanya kazi gani, na lazima wanijibu kwa Kiswahili. Wanababaika kama nilivyobabaika. Na nawaambia kwamba mgonjwa akikwambia anaumwa nini, hata akikwambia kwa ulimi mzito, hata watu wakicheka, msikilize yeye kwanza kabla ya pua yako. Hawajui bado kwa nini sauti yangu inabadilika nikifika hapo. Wakiisoma barua hii watajua.

Nakukosa. Nakukosa hasa jioni, saa uliyorudi na mikono myekundu ya mafuta ukaniita mama kutoka mbali ili nikuandalie maji. Hakuna mwingine anayeniita hivyo akiwa ananizidi umri.

Siku ile uwanjani uliniuliza swali mbele ya watu, nami sikukujibu. Nakujibu leo, mbele ya watu haohao na wengine zaidi. Ndiyo, mjomba, nakumbuka kale kadogo ka nyuma.

Nakuacha upumzike, maji ya kunawia nimeshakuwekea mlangoni,

mpwa wako, uliyemwita mama.